Nani Aliruhusiwa Kutembea? Historia ya Mapumziko ya Nje, kutoka Mwananyamala hadi Baharini

Kuna dhana iliyozoeleka kuhusu wakazi wa Mwananyamala, Temeke, Manzese na mitaa mingine tunayoiita Uswahilini: kwamba hawana desturi ya kuacha shughuli zao na kutoka kwenda kupumzika penye maji, miti au vilima. Husemwa kwamba mapumziko yao ni kijiwe, baa na televisheni, na kwamba kupanda milima, kuogelea visiwani au kutembea tu ili kuupa moyo nafasi ni mambo yaliyoletwa na Wazungu na kuigwa na wenye magari. Dhana hiyo imejipenyeza hata katika namna jiji linavyopangwa, maana kiwanja cha wazi mtaani huhesabiwa kuwa ardhi inayosubiri matumizi, kana kwamba mpira, ngoma na hewa si matumizi. Ninaipinga. Desturi ya kutoka ni kongwe kuliko jiji lenyewe. Kilichoifanya ionekane ngeni ni tawala tatu mfululizo zilizomshuku mtu wa kawaida anayetembea bila kazi mkononi, na kisha ardhi yake ya kutembelea kumegwa kipande kwa kipande.

Ushahidi wa kwanza uko katika maandishi ya watu wa pwani wenyewe. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maelezo yake yalitolewa na Carl Velten mwaka 1903 katika kitabu cha Desturi za Wasuaheli, aliandika habari za Siku ya Mwaka, sikukuu iliyofuata hesabu ya nairuzi yenye siku 365 badala ya mwezi mwandamo. Siku hiyo mji mzima uliacha kazi. Watu walitoka alfajiri kwenda kuoga baharini, wakapika na kula pamoja, na katika baadhi ya miji ng'ombe alizungushwa mji kabla ya kuchinjwa. Makunduchi, kusini mwa Unguja, bado wanaoga mwaka kila Julai. Tukiingia bara kidogo tunakuta Wazaramo, ambao ni wenyeji wa eneo ambalo leo ni Dar es Salaam. Mvua ilipokataa au mavuno yalipoharibika, wajumbe wao walifunga safari ya miguu hadi milima ya Uluguru, kwenye pango la Kolelo, wakasikilize neno la huko. Safari ya namna hiyo ilimtoa mtu shambani, ikamweka njiani kwa siku nyingi pamoja na wenzake, ikamrudisha akiwa na jambo jipya la kufikiria. Na mwaka 1901 Velten huyo huyo alikuwa ametoa Safari za Wasuaheli, mkusanyiko wa masimulizi ya wasafiri wa pwani hii. Humo yumo Selemani bin Mwenye Chande aliyekwenda bara hadi nchi za maziwa, na yumo Salim bin Abakari aliyefika Urusi na Siberia mwaka 1896 akifuatana na Mjerumani, akaandika kwa Kiswahili juu ya baridi, miji na watu aliowaona. Kwa hiyo kusafiri, kutazama na kuandika mawazo juu ya ulichokiona ni fani ambayo Kiswahili kilikuwa nayo kabla ya treni ya kwanza kuondoka Dar es Salaam kuelekea bara.

Najua pingamizi litakalokuja hapa. Mtu atasema kwamba Siku ya Mwaka ilikuwa tambiko, Kolelo ilikuwa ibada, na safari za bara zilikuwa biashara au utumishi, kwa hiyo hakuna kati ya hizo iliyo mapumziko kwa maana ya leo. Ni kweli kwamba hakuna aliyekwenda Kolelo kujiburudisha. Lakini mstari huo kati ya ibada na burudani tumeuchora sisi, na watu wa zamani hawakuuhitaji. Aliyeoga mwaka alijisafisha na nuksi, na siku hiyo hiyo akala, akacheza, akawaona ndugu wa mtaa wa pili. Tukidai kwamba mapumziko ya kweli lazima yasiwe na dini wala wajibu, tutakuwa tumeyafuta mapumziko ya karibu kila jamii duniani, pamoja na Ulaya, ambako sikukuu za kanisa na hija ndizo zilizowafundisha watu wengi wa kawaida kufunga safari. Ninachokitafuta katika ushahidi huu ni kidogo na cha wazi: kulikuwa na nyakati zinazojulikana ambapo kazi ilisimama, watu wakatoka nje ya mji au wakaenda majini, na hakuna aliyewaita wavivu.

Hali ilibadilika jiji lilipoanza kupangwa. Sultani Majid wa Zanzibar alianza kujenga mji huu katika miaka ya 1860 karibu na kijiji cha Mzizima, na mwaka 1891 Wajerumani wakauhamishia makao makuu yao kutoka Bagamoyo. Mwaka huo huo kanuni ya ujenzi ilitaka majengo ya upande wa bahari yawe ya Kizungu. Kuanzia hapo upepo wa bahari ukawa na wenyewe. Bustani ya mimea ilianzishwa mwaka 1893, barabara ya ufukweni ikapandwa miti, na Waafrika wakasogezwa magharibi. Waingereza walioutwaa mji mwaka 1916 waliukazia mgawanyo huo kwa kuweka kanda tatu: ya Wazungu, ya Wahindi na biashara, na ya Waafrika kule Kariakoo, huku Mnazi Mmoja ikiachwa wazi katikati ili kuwatenganisha. Walidai ni kwa ajili ya afya. Jambo la kushangaza ni kwamba uwanja uliowekwa kuzuia watu wasichangamane ndio uliogeuka kuwa sebule ya Waafrika wa mji: mpira ulichezwa hapo, ngoma za beni zikashindana, watoto wakaletwa siku za Idi, na katika miaka ya 1950 TANU ikafanya mikutano yake hapo. Watu walikitwaa kipande cha ardhi walichopewa kwa nia mbaya wakakipa kazi njema. Kama kweli hawakuwa na desturi ya kutoka, mambo hayo yangetokea wapi?

Lakini kutwaa uwanja hakukumaanisha uhuru wa kutembea. Ngoma ilihitaji kibali. Kanuni za mji zilibana mwendo wa Waafrika nyakati za usiku. Kanuni ya Adhabu iliyoanza kutumika mwaka 1930 iliweka makosa ya uzembe na uzururaji, ambayo yamo katika vifungu vya 176 na 177, na kwa vifungu hivyo mtu angeweza kukamatwa kwa sababu tu hakuweza kueleza anafanya nini mahali alipokutwa. Mwaka 1944, wakati vita vimeleta upungufu wa chakula na nyumba mjini, ilitungwa sheria ya kuwaondoa mijini watu wasiotakiwa, na katika miaka iliyofuata askari walipita mitaani kukusanya waliohesabiwa kuwa wahuni na kuwarudisha wilaya walikotoka. Nyuma ya sheria hizo kulikuwa na wazo moja: kwamba Mwafrika yuko mjini kwa ajili ya kazi ya mtu mwingine, na kazi ikiisha hana sababu ya kuwapo. Mzungu aliyetembea jioni kando ya bahari alikuwa anapunga upepo. Kijana wa Kariakoo aliyetembea njia hiyo hiyo alikuwa na maelezo ya kutoa.

Uhuru ungetarajiwa kulimaliza wazo hilo, na kwa sehemu ulilimaliza. Mgawanyo wa rangi ulivunjwa, na Waafrika wakaingia Oysterbay, ingawa walioingia kwanza walikuwa wakubwa wa serikali. Hata hivyo, serikali mpya iliyathamini matembezi yaliyokuwa na kazi ya taifa tu. Mwaka 1967 vijana kutoka pande mbalimbali walitembea kwa miguu kuliunga mkono Azimio la Arusha. Mmoja wa vijana hao, Seti Benjamin, alifariki akiwa katika matembezi hayo, na Mwalimu Nyerere mwenyewe alitembea kutoka Butiama hadi Mwanza mwezi Oktoba. Yalikuwa matembezi ya heshima na yanastahili kukumbukwa. Tatizo ni kwamba kando yake hakukubaki nafasi ya heshima kwa mtu anayetembea kwa ajili ya nafsi yake. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Kila Mtu Afanye Kazi, na mwaka 1983 ikatungwa Sheria ya Nguvu Kazi, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu. Watu wa mijini walitakiwa kuonyesha kwamba wana kazi inayotambulika, na walioshindwa walikabiliwa na kupelekwa vijijini kulima. Ninaelewa mazingira ya mwaka 1983: vita vya Uganda vilikuwa vimemaliza hazina, bidhaa zilikuwa adimu, chakula kilikuwa hakitoshi. Serikali ilikuwa na haki ya kutaka watu wazalishe. Lakini ilitumia kipimo kile kile cha mkoloni, cha kumuuliza mtu aliye barabarani mchana anafanya nini pale, na kizazi kizima cha Uswahilini kilikua kikijua kwamba kuonekana nje bila shughuli ni hatari. Mama aliyemkataza mwanawe kuzurura alikuwa anamlinda. Leo tunaitazama tahadhari hiyo na kuiita ukosefu wa utamaduni wa kutembea.

Mwananyamala inaonyesha vizuri upande wa pili wa habari hii, yaani ardhi. Kinondoni, Magomeni na Temeke zilipimwa kwa ajili ya makazi ya Waafrika mwanzoni mwa miaka ya 1950, baada ya mpango wa jiji wa mwaka 1949 uliotengenezwa na kampuni ya Sir Alexander Gibb. Mwananyamala ilikua pembeni mwa Kinondoni, juu ya ardhi iliyokuwa na mashamba ya Wazaramo, minazi na miembe. Nyumba iliyoenea huko ni ile ya Kiswahili: ukumbi mrefu katikati, vyumba vitatu huku na vitatu kule, uwani nyuma penye jiko, kisima na choo, baraza mbele. Mara nyingi kila chumba kilipangishwa kwa familia moja. Ukiiangalia nyumba hiyo kwa makini utaona kwamba ilijengwa kwa kutegemea nje. Chumba ni cha kulala na kuweka masanduku. Kupika, kula, kusuka nywele, kufundisha watoto, kubishana siasa na kukaa kimya jioni vilifanyika uwani, barazani, chini ya mwembe na kwenye kiwanja cha jirani. Kwa watu wanaoishi hivyo, nje ni nusu ya nyumba yao, na anayewapora nje amewabomolea nusu hiyo.

Na walipokonywa, taratibu. Mwaka 1967 Dar es Salaam ilikuwa na watu wapatao 273,000. Sensa ya 2012 ilihesabu 4,364,541 na ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Uwani pakaongezwa vyumba vya kupangisha, baraza ikazungushiwa nondo na kuwa duka, miembe ikakatwa. Mpango wa 1949, kisha ule wa 1968 na ule wa 1979, yote iliacha mabonde ya mito yawe wazi, kwa sababu ya mafuriko na pia ili upepo upate njia ya kuingia mjini. Mto Ng'ombe, unaopita Sinza, Tandale na Mwananyamala kabla ya kuingia Msimbazi, ni mojawapo ya mabonde hayo. Yalijaa nyumba za watu waliokuwa hawana pengine pa kwenda, na ukingo uliokuwa wa kuchezea ukawa mtaro wa maji machafu. Viwanja vya wazi navyo vikapata majengo, vingine kwa vibali ambavyo hakuna mkazi aliyeulizwa habari zake. Siwalaumu waliojenga bondeni kwa shida. Nawalaumu waliokuwa na ramani mezani wakaacha kila kiwanja kigeuke mali ya mtu.

Gharama ya kupoteza uwazi haipimwi kwa starehe peke yake. Siku ya Idi el Fitr, tarehe 1 Oktoba 2008, watoto wapatao 20 walikufa Tabora katika ukumbi wa disko uliojaa kupita kiasi. Tangu hapo polisi hutoa tangazo la kupiga marufuku disko toto karibu kila sikukuu, na wanafanya sawa. Ila tangazo halisemi mtoto aende wapi. Mtoto aliyevaa nguo mpya ya Idi, mwenye sarafu mkononi, anataka kutoka, kama watoto wa pwani walivyotoka siku zote. Mtaa wake usipokuwa na uwanja, atakwenda popote patakapofunguliwa mlango.

Ndiyo maana Coco Beach ina uzito mkubwa katika historia hii. Ufukwe huo uko umbali wa kilomita zipatazo tano kutoka Mwananyamala, na wengi huufikia kwa miguu, wakivuka Barabara ya Ali Hassan Mwinyi na kupita Namanga. Uko mbele ya Oysterbay, mtaa wa Wazungu uliokua baada ya Daraja la Selander kujengwa mwishoni mwa miaka ya 1920. Jumapili alasiri na siku za sikukuu hujaa watu wa Kinondoni, Tandale, Manzese na Mwananyamala. Muuzaji huchoma au kukaanga muhogo, akaupasua katikati, akanyunyiza chumvi na pilipili ya unga, akakamulia ndimu na kuweka kachumbari pembeni. Wavulana hukodi matairi ya ndani ya magari kuelea nayo. Wapo wanaokuja peke yao, wakakaa juu ya mawe ya matumbawe wakiwa wamevua viatu, wakitazama meli zinazosubiri zamu ya kuingia bandarini. Mara kadhaa imekuwapo mipango ya kuutoa ufukwe huo kwa uwekezaji, na mabishano yamechukua miaka, lakini wananchi walipiga kelele na ufukwe ukabaki wazi. Kelele hizo nazo ni ushahidi. Hakuna anayepigania desturi asiyokuwa nayo.

Pingamizi zito zaidi linahusu pesa na muda. Fundi cherehani wa Mwananyamala Kisiwani au mama lishe wa Mwananyamala Komakoma anaanza kazi kabla ya jua, na siku asipofanya kazi haingizi kitu, kwa hiyo kumwambia habari za visiwa na misitu ni kumkejeli. Pingamizi hili lina ukweli. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya, ambavyo vimetengwa kuwa hifadhi ya bahari tangu 1975, vinahitaji nauli ya boti na kiingilio. Msitu wa Pugu unahitaji nusu siku ya daladala. Hata hivyo, pingamizi hilo linathibitisha ninachosema badala ya kukipinga. Asiye na pesa wala muda ndiye anayehitaji zaidi mahali pa karibu na pa bure, na ndiye aliyenyang'anywa. Mwenye gari hahitaji kiwanja cha Mwananyamala. Ana Kigamboni, ana Bagamoyo, ana Lushoto. Pia si kweli kwamba maskini hana hamu hiyo. Nyerere alipokuwa mwalimu Pugu katika miaka ya 1950 alikuwa akitembea kwa miguu kuja mjini kwa shughuli za siasa, na njia hiyo ilitembewa na wakulima na wachuuzi wengi wasiojulikana kwa majina. Watu wa jiji hili wamekuwa watembeaji wakubwa siku zote. Wamekosa ruhusa ya kutembea kwa ajili yao wenyewe.

Wengine watasema kwamba hata wakitoka, watu wa Uswahilini hutoka kwa makundi, kwa muziki na kelele, na kwamba kutafakari kunataka upweke na ukimya. Sioni kwa nini tukubali kipimo hicho. Waliokwenda Kolelo walikwenda kwa kundi. Waliooga mwaka walioga na mji mzima. Barazani, ambako fikra nyingi za pwani zimepikwa, hakuna aliyekaa peke yake muda mrefu. Upweke wa mlimani ni njia moja ya kutafakari, iliyotukuzwa na washairi wa Ulaya wa karne ya 19 ambao miji yao ilikuwa imejaa moshi wa viwanda. Kwetu kutembea na rafiki hadi baharini, mkazungumza njiani na kunyamaza mkifika, ni njia nyingine, na sioni ushahidi wowote kwamba inazaa mawazo haba. Na anayetaka kukaa peke yake anapaswa kupata jiwe la kukalia bila kuulizwa na askari anasubiri nini.

Hivi sasa zipo dalili za mambo kugeuka. Daraja la Tanzanite, lililofunguliwa mwaka 2022, lina njia za waenda kwa miguu, na watu hulitumia kukimbia na kupunga upepo. Mradi wa kuliendeleza bonde la Msimbazi, unaofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, unakusudia kuligeuza eneo la chini la bonde hilo, pamoja na Jangwani, kuwa bustani ya jiji. Ukitimizwa, jiji hili litakuwa limejenga bustani kubwa upande wa Uswahilini, si upande wa Uzunguni. Lakini bustani kubwa ya Jangwani haitaziba pengo la kiwanja cha mtaa ambacho mtoto wa miaka saba anakifikia bila kuvuka barabara kuu. Kwa hiyo rai yangu kwa wakazi wa Mwananyamala ni hii: katika mkutano wa mtaa utakaofuata, ombeni ramani ya mipango miji ibandikwe ukutani, viwanja vyote vya wazi vilivyomo visomwe kimoja kimoja, na kila kilichojengwa kitolewe maelezo mbele yenu ni nani aliyetoa kibali.